Binti kalipwa, mama kaongeza nauli

Alhamisi usiku, saa tano kasoro, binti wa miaka 22 alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yao Tandika, Dar es Salaam. Begi la mekapu lilikuwa begani, viatu mkononi. Siku tatu mfululizo alikuwa Bagamoyo kwenye lokesheni ya filamu, akiondoka kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi mtaa umelala.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekula?”

Hakujibu swali la chakula. Alitoa noti mfukoni, akazipanga juu ya meza: Sh60,000. Elfu ishirini kwa kila siku. Alifurahi, kwa sababu kazi mbili zilizotangulia alikuwa amelipwa ahadi tu. Mama naye akafurahi, akamshukuru Mungu, kisha akaenda kulala kwa saa tatu kabla ya kuamka kukoroga unga wa vitumbua.

Asubuhi alipofungua kopo la mauzo kutafuta chenji ya mteja, akakuta limepungua. Hapo akakumbuka. Jumanne alimpa binti Sh12,000 za bodaboda ya kwenda Sinza, magari ya lokesheni yanapoanzia safari, na kurudi. Jumatano tena. Alhamisi tena. Na wiki iliyopita alimwongezea fedha za kununua poda, sponji na kope za bandia kwa ajili ya kazi hiyohiyo.

Wazazi wengi wenye vijana katika filamu wanalifahamu kopo hili, hata kama kwao ni pochi au akaunti ya simu. Kijana anaitwa kazini, anaondoka na nauli ya nyumbani, anarudi na bahasha nyembamba, na kila mtu anasema ndiyo kuanza huko. Anayefidia tofauti kati ya bei aliyolipwa na gharama ya kazi ni mama mwenye sahani ya vitumbua. Filamu ile ina mdhamini wa Tandika ambaye jina lake halitaonekana popote.

Mama yule hakugomba. Alimwita binti jikoni, akamuuliza swali ambalo mfanyabiashara yeyote wa chakula hujiuliza kila siku: kitumbua kimoja kinanigharimu kiasi gani kabla sijakiuza? Yeye anajua mchele umepanda au umeshuka, nazi ngapi zinaingia kwenye ndoo moja, mkaa wa kopo unawaka mpaka saa ngapi. Mtu akimwambia auze kwa nusu bei kwa sababu “wateja watakujua”, atacheka. Lakini binti yake alikuwa anauza uso wa mwigizaji uliopambwa bila kujua poda imekula kiasi gani.

Wakachukua daftari la madeni na kugeuza ukurasa wa nyuma. Hesabu iliyoandikwa pale ni ya binti yule. Nyumba nyingine itakuwa na yake.

Kwanza waliandika anachohitaji kwa mwezi ili asimame mwenyewe: mchango wa nyumbani Sh100,000, chakula na nauli zake za kawaida Sh90,000, nguo na matibabu Sh50,000, akiba Sh40,000, bando Sh20,000. Jumla Sh300,000. Si maisha ya kifahari hayo.

Halafu likaja swali linalowatoa wengi kwenye mstari: kwa mwezi unaitwa kazini siku ngapi? Binti alitaka kuandika ishirini. Mama akamwambia hesabu kwenye simu. Zilikuwa nane. Siku nyingine alizitumia kutafuta kazi, kuosha brashi, kwenda Kariakoo kununua vifaa, kusubiri simu. Mwajiriwa wa ofisini hulipwa hata siku ambayo kazi haipo, lakini anayeitwa kwa siku anabeba siku hizo tupu mgongoni mwake. Kwa hiyo Sh300,000 inagawanywa kwa nane, inakuwa Sh37,500. Hiyo ni jasho tu.

Vifaa vinavyoisha vikafuata. Boksi lake la mekapu likijazwa upya linakula kama Sh240,000, na linamfikisha siku 16 za kazi. Kwa siku ni Sh15,000. Brashi, kiti na taa vilimgharimu Sh360,000, na akitarajia vidumu miaka miwili, kwa siku nane kila mwezi, ni siku 192. Inakaribia Sh2,000 kwa siku. Nauli ya alfajiri na usiku, Sh12,000.

Jumla Sh66,500.

Ukimya ukapita jikoni. Bila kuhesabu jasho, siku moja ya kazi ilikuwa inamgharimu binti Sh29,000, naye analipwa Sh20,000. Kila alipokwenda kazini alipoteza Sh9,000. Kwa siku tatu za Bagamoyo hasara ilikuwa Sh27,000, na angalau sasa ilijulikana ilikotoka: kwenye kopo.

Baba aliyekuwa anasikiliza kutoka sebuleni ni fundi muashi, na ndiye aliyesema neno lililosaidia zaidi. Yeye akiitwa kujenga hatoi bei moja. Mteja ananunua saruji, mchanga na nondo. Fundi anataja ufundi wake peke yake. Akinunua saruji yeye, anaiandika pembeni na risiti. “Sasa wewe mbona umechanganya saruji na ufundi?” Tangu hapo kwenye simu ya binti kuna mistari mitatu: ujira, vifaa, usafiri. Anayetaka kupunguza bei aoneshe ni mstari upi atakaoubeba mwenyewe.

Utaratibu huu unawafaa wengi zaidi ya watu wa mekapu. Kijana mwenye kamera yake anauza vitu viwili, mikono yake na kamera. Kampuni ingeikodi kamera hiyo kwingine kwa fedha, kwa nini yake iwe zawadi? Mwenye maiki na kinasa sauti hali kadhalika. Ikianguka baharini Bagamoyo nani atalipa? Swali hilo linapaswa kuulizwa kabla ya kupanda gari.

Lipo jambo la kodi ambalo hushtua vijana wengi mara ya kwanza. Kampuni inayolipa mtu kwa huduma inatakiwa kuzuia asilimia 5 na kuipeleka TRA. Binti akitaja Sh66,500 atapokea pungufu ya gharama yake. Akitaja Sh70,000, ikikatwa asilimia 5 anabaki na Sh66,500 kamili. Kwa hiyo 70,000 ndiyo ikawa bei. Aombe pia cheti cha kodi iliyozuiwa, kwani kitahesabiwa siku atakapofanya mahesabu yake na TRA. Namba ya mlipakodi hutolewa bure, na kampuni nyingi makini hazilipi mtu asiye nayo. Kijana wa filamu asiye na TIN anajifungia mlango wa kazi zinazolipa vizuri kuliko zote, yaani matangazo ya biashara.

Na hapo ndipo bei inapoacha kuwa moja. Sh70,000 ni sakafu, chini yake unachimba shimo. Tangazo la benki au la kampuni ya simu lina mfuko tofauti na filamu fupi ya wanafunzi wa chuo, na si dhambi kutaja zaidi pale penye zaidi. Kijana aulize: kazi hii itaoneshwa wapi, kwa muda gani, na nani anaigharamia? Kisha awaulize wenzake wa kitengo chake waliotangulia mwaka mmoja au miwili. Watu wa filamu huficha malipo kama siri ya ndoa, na usiri huo unamfaidisha mlipaji peke yake. Wakongwe hupenda kumlaumu chipukizi kwamba anaharibu soko kwa bei ya chini. Wangemtajia bei zao kwanza, lawama ingekuwa na uzito.

Vipi kuhusu kazi ya bure? Kila aliyeingia Bongo Movie amewahi kuambiwa “njoo utapata jina”. Wazazi hugawanyika hapa: mmoja anaona ni shule, mwingine anaona ni wizi. Kuna swali moja linalotenganisha mambo: nani mwingine halipwi? Kama marafiki watano wamekusanyika, kamera ni ya kuazima, mwongozaji naye hana kitu na wote wanajifunza, kwenda bure kunaweza kuwa na maana, kwa siku chache zenye mwisho unaojulikana. Lakini kama kamera imekodiwa kwa fedha, mwigizaji mkuu kalipwa, gari limewekwa mafuta, na asiyelipwa ni mtoto wako tu, basi hilo si suala la ukata. Wamepanga bajeti na yeye wakamwekea sifuri. Hata kwenye kazi ya kirafiki, nauli, chakula na poda visitoke Tandika.

Nyumbani nako pasamehewe kwa shida. Binti huyuhuyu amepamba kitchen party mbili na send-off moja za ukoo bila kulipwa. Shangazi aliyempigia simu usiku kuomba “umpitie pitie bibi harusi kidogo” alimlipa mpiga muziki, mpishi na mwenye turubai. Kijana anayezoeshwa na ndugu zake kwamba kazi yake haina bei atawezaje kuitaja mbele ya mgeni?

Akitaka kumpunguzia mtu, apunguze kwa njia inayoonekana: “Bei yangu ni Sh70,000, kwako kwa kazi hii nimepunguza Sh10,000.” Muuza vitenge hufanya hivyo kila siku. Anayetaja Sh60,000 moja kwa moja, mwezi ujao hiyo ndiyo itakuwa bei yake, na akiomba zaidi ataambiwa ameanza maringo.

Saa za kazi ni eneo ambalo fedha huvuja bila kelele. “Siku” ya lokesheni inaweza kuanza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa sita usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamwekea mwajiriwa saa 9 za kawaida kwa siku, inakataza kuzidi saa 12 hata pamoja na za ziada, na inataka saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Anayeitwa kwa siku kama mtoa huduma mara nyingi huhesabiwa nje ya sheria hiyo, lakini hakuna kinachomzuia kuazima kipimo chake na kukiweka kwenye makubaliano.

Makubaliano yenyewe si lazima yawe karatasi yenye mhuri. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, ila kuuthibitisha ni kazi. Ujumbe wa WhatsApp wenye jibu unatosha kuanzia. Binti wa Tandika sasa anatuma hivi: “Habari kaka. Nathibitisha mekapu siku 2, tarehe 14 na 15, saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Sh70,000 kwa siku, jumla Sh140,000. Nusu naomba kabla ya tarehe 13, iliyobaki jioni ya tarehe 15. Zikizidi saa 12, kila saa Sh9,000. Nijibu sawa nijipange.” Asiyetaka kujibu “sawa” amekwisha jibu.

Kianzio hicho cha nusu kina kazi mbili. Kinanunua poda, na kinapima kama mtu ana fedha kweli. Filamu inayoshindwa kutoa Sh70,000 kabla ya siku ya kwanza haitazipata siku ya mwisho, wakati kila mtu amechoka na prodyuza simu yake haipatikani.

Kwa mzazi mwenye kijana anayehariri video, shida ina sura nyingine. Huyu haonekani akienda kazini. Yuko chumbani, mlango umefungwa, feni inazunguka, na baba anamwita aende dukani kwa sababu “si upo tu”. Akikubali kuhariri kwa bei moja bila mipaka, atarudishiwa kazi mara kumi: badilisha muziki, rudisha muziki wa mwanzo, mwondoe yule, mrudishe. Umeme wa LUKU na bando la kutuma mafaili vinaondoka kila mzunguko. Aandike mapema kuwa bei inahusu marekebisho mawili, la tatu linalipiwa. Na kabla ya malipo kukamilika atume nakala yenye maandishi makubwa katikati ya picha. Ile safi isubiri fedha.

Mwandishi wa skripti naye awe mwangalifu kuliko wote, maana anauza kitu kinachoishi. Enzi za DVD, filamu nyingi za Bongo ziliuzwa kwa msambazaji wa Kariakoo kwa mkupuo mmoja, na baada ya hapo zilipooneshwa tena na tena, waliozitengeneza walizitazama kama watazamaji wengine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatenganisha kuuza haki na kuruhusu matumizi kwa muda na mahali fulani. Bei ya kuruhusu kituo kimoja kuonesha kwa mwaka mmoja haiwezi kuwa sawa na bei ya kuachia kila kitu milele. Ofisi ya COSOTA husajili kazi, na kijana aende huko kabla skripti haijaanza kutembea kwenye simu za watu.

Mwenye mtoto chini ya miaka 18 anayeigiza, mkataba asimwachie mtoto. Asome mwenyewe, aende naye, na akumbuke kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, hata kama sini ni ya usiku na mwongozaji anasema imebaki moja tu.

Lipo pia lile ambalo mabinti huliogopa kulisema mezani. Mara nyingine bei inapotajwa, jibu huja na masharti ya kukutana hotelini “tuzungumze vizuri”. Mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe kazi au malipo anatenda kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na simu ya TAKUKURU ni 113, haitozwi. Ila kabla ya 113 binti anahitaji nyumba ambayo akirudi mikono mitupu hatasemwa. Mzazi anayeuliza kila jioni “leo umeleta ngapi?” anaweza kuwa anamsukuma bila kujua.

Mambo hayakunyooka mara moja pale Tandika. Simu ya kwanza baada ya daftari ilitoka kwa yuleyule wa Bagamoyo, kazi ya siku mbili kwa Sh20,000. Binti akataja Sh70,000, sauti ikitetemeka. “Dogo, umeshakuwa staa? Nitakurudia.” Hakurudi. Jioni picha za lokesheni zikaonekana kwenye simu, mwenzake akiwa ameshika brashi. Binti alilia. Wiki mbili zikapita bila kuitwa, na mama akaanza kujilaumu usiku, akiwaza kwamba pengine vitumbua na filamu si kitu kimoja, na kwamba mdomo wake umemfukuzia mwanawe riziki. Baba alinyamaza, jambo ambalo kwake ni msaada mkubwa.

Wiki ya tatu akapiga mwanamke anayesimamia tamthilia. Bajeti yake ilikuwa Sh45,000 kwa siku, hazidi. Zamani binti angesema ndiyo palepale. Safari hii akauliza, “Dada, poda na vifaa vya kuisha vinanunuliwa na nani? Na usafiri?” Vya kuisha vinanunuliwa na tamthilia, akajibiwa, na gari litampitia. Binti akaomba dakika kumi, akafungua daftari. Sh37,500 ya jasho na Sh2,000 ya brashi ni Sh39,500. Ikikatwa asilimia 5, Sh45,000 inabaki Sh42,750. Akapiga simu kukubali siku sita, akatuma ujumbe, akajibiwa “sawa mdogo wangu”. Nusu ikaingia jioni ya siku ya pili.

Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri, gari lilipiga honi barabarani. Mama alikuwa tayari kwenye jiko, kikaango kimeshika moto. Binti alipita na begi lake, akachukua vitumbua vinne kwenye sahani, akaweka noti ya elfu moja kwenye kopo.

“Chenji yako hii,” mama alimwita.

“Kaa nayo mama, gari linaniacha.”

Mama aliihesabu ile chenji mara mbili, kisha akaifunga kwenye kona ya khanga ampe akirudi.